Barnaba wa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Ketrina alikoroga uji wa ulezi na kuufunika kwa sahani ili babu yake aukute ukiwa wa moto. Mzee Barnaba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye yadi moja ya malori mjini Tunduma, karibu na barabara iendayo mpakani. Alirudi nyumbani jua likichomoza, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni, filimbi ikining'inia shingoni. Ketrina alimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu ya kikohozi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeamkaje?"

"Mpe uji huyo mume wako," alisema Bibi Yunisi, ambaye alikuwa akipepeta maharage ya kuwauzia wafanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. "Kifua kinamwua. Mimi nimeshamchoka, nakuachia wewe."

Wote watatu walicheka, kisha Mzee Barnaba akakohoa tena, na kicheko kikaisha.

Ketrina alikuwa darasa la saba. Wazazi wake walikuwa Saza, baba akifanya kazi mgodini na mama akipika chakula cha kuuza. Yeye aliishi na babu na bibi, na alimpenda sana babu yake. Mzee Barnaba alikuwa mtu wa kujiheshimu. Hata akitoka kazini na usingizi, alipiga viatu vyake rangi kwanza ndipo alale. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, jioni, baada ya kazi, katika darasa la elimu ya watu wazima kwenye shamba kubwa la kahawa huko Mbozi. Tangu hapo hakumruhusu mtu yeyote kumsomea barua yake.

Katika shamba hilo alifanya kazi ujana wake wote na utu uzima wake wote. Alipofikia umri wa kustaafu, aliomba pensheni. "Pensheni ikitoka," alipenda kusema, "filimbi hii ninamrudishia mwenye yadi siku hiyo hiyo. Baridi ya Tunduma ni ya vijana."

Basi, siku moja jibu lilifika. Mzee Barnaba aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mara ya pili akiwa ameketi. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha ya Ketrina, alimpa mtu mwingine barua yake.

"Msomee bibi yako. Pengine macho yangu yameharibika. Barua hii inasema mimi si mimi."

Ketrina alisoma kwa sauti. Mfuko wa pensheni ulikuwa umekataa maombi yake. Afisa wa Mfuko alizungumza na Bwana Wiliam, ambaye aliwahi kuwa nyapara wa shamba lile. Bwana Wiliam alisema anamkumbuka vizuri Barnaba aliyefanya kazi chini yake: mtu mrefu, mwembamba, aliyeshika mkasi wa kupogolea mibuni kwa mkono wa kushoto. Lakini mzee aliyefika ofisini kuomba pensheni alikuwa mfupi, tena aliandika kwa mkono wa kulia. Kwa hiyo Mfuko ulikuwa na shaka kwamba alikuwa ametumia jina la mtu mwingine. Kama hakuridhika, alikuwa na haki ya kukata rufaa.

"Mrefu, mwembamba, wa kushoto," alirudia Bibi Yunisi polepole. Alimtazama mumewe, kisha akainamia ungo wake.

Ketrina naye aliitazama barua tena. Alimjua mtu mrefu, mwembamba, wa mkono wa kushoto. Wote watatu walimjua. Alikuwa Babu Danieli, mdogo wake Mzee Barnaba, aliyeishi kijijini Mbozi.

Ketrina aliikumbuka Krismasi iliyopita, ukoo wote ulipokutana nyumbani kwa Babu Danieli. Baada ya chakula, Babu Danieli alisimulia mambo ya zamani. "Mvua za kwanza zikinyesha, kaka yangu huyu anatoroka shamba la tajiri na kuja kupanda mahindi yetu sote, kwa sababu yeye ana mkono mzuri wa mbegu. Mimi ninaingia kule mahali pake. Nyapara akiita 'Barnaba!' mimi naitika 'Naam!' Siku moja nilisahau, aliita mara tatu, akasema, 'Huyu Barnaba amekuwa kiziwi!'" Watu walicheka hadi machozi, na Mzee Barnaba alicheka kuliko wote.

Hakuna aliyeona ubaya. Shambani kwa tajiri, mtu akikosa kazini siku chache alifukuzwa, na nyumbani mahindi yasipopandwa kwa wakati, watoto wangelala njaa. Kwa hiyo ndugu hawa walipokezana kazi, kama watu wawili wanavyopokezana mzigo njiani. Kwao, kazi ilikuwa ya nyumba nzima.

"Babu," Ketrina alinong'ona, "si ndiye Babu Danieli?"

"Nyamaza," alisema Mzee Barnaba.

Tunduma ni mji wa mawakala. Ukitaka kuvusha lori, yuko wakala. Ukitaka kubadilisha kwacha, fedha ya Zambia, yupo mtu. Ndiyo maana Mzee Barnaba, badala ya kuuliza kwanza, alifanya kama watu wengi wa mji ule wangefanya: alikwenda kwenye kibanda jirani na wabadilisha fedha akamtafuta Gwamaka. Huyu Gwamaka alivaa tai, alibeba mkoba mweusi, na watu walimwita "Wakili," ingawa hakuwa wakili. Alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa vishoka, wanaofanya kazi za kitaalamu bila kibali. Ketrina alikuwa amefuatana na babu yake, akayasikia yote.

"Mzee wangu, usihangaike," Gwamaka alisema. "Rufaa ni kama kuvusha lori. Anayeongea sana ndiye anayekaguliwa sana. Wewe kana tu. Mtu mrefu humjui. Wa kushoto humjui. Nyapara amezeeka, anaota mchana. Mimi nitakuandikia kila kitu, wewe leta chochote."

Mzee Barnaba alimpa chochote. Baada ya siku hiyo simu ya Gwamaka haikupatikana tena, na kibandani alikaa mtu mwingine, akiuza vocha. Gwamaka alipotea, lakini ushauri wake ulibaki kichwani mwa Mzee Barnaba.

Jumapili iliyofuata, kanisani, mhudumu alisoma matangazo. Moja lilisema kwamba kila Alhamisi alasiri wasaidizi wa kisheria hukaa kwenye ofisi ya kata kuwasaidia watu wenye kesi za ardhi, mirathi na mafao, bila malipo. Bibi Yunisi alimgusa mumewe kiwiko.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Vya bure ni vya maskini."

"Na sisi ni akina nani, wenye malori? Unalinda malori, baba, huyamiliki."

Alhamisi Mzee Barnaba alivaa koti lake la kanisani, akamsubiri Ketrina atoke shule, wakaenda pamoja.

Ofisini walimkuta mama mmoja wa makamo, aliyejitambulisha kuwa Bi Fortunata, msaidizi wa kisheria. Aliwapa viti, akaisoma barua ya Mfuko bila haraka, akauliza maswali mengi. Mzee Barnaba alijibu vizuri. Alieleza namna ya kuchuma kahawa mbivu bila kuvunja tawi, alieleza mashine ya kukobolea ilivyokuwa ikinguruma, aliwataja wenzake kwa majina. Bi Fortunata alitabasamu.

"Mzee, mtu anayesikia haya hawezi kusema hukufanya kazi pale. Limebaki jambo moja. Huyu mtu wa mkono wa kushoto ni nani? Katika miaka hiyo yote, kuna mtu aliyewahi kufanya kazi mahali pako?"

"Hakuna," alisema Mzee Barnaba.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Muulize mjukuu wangu. Hadithi zote za shamba lile anazijua."

Bi Fortunata alimgeukia Ketrina. Ketrina alimtazama babu yake, akaona macho mekundu yaliyokosa usingizi na filimbi iliyotokeza kwenye kola ya koti.

"Hakuna," alisema.

"Vema," alisema Bi Fortunata. "Nitaandika maelezo yako. Alhamisi ijayo wakili wa shirika letu, Wakili Ipyana, atakuja hapa. Utaapa mbele yake kwamba maelezo ni ya kweli, halafu tutayapeleka kwenye kamati ya rufaa. Nitaomba pia nyapara Wiliam aitwe. Akikuona uso kwa uso, pengine atakumbuka."

Njia nzima kurudi nyumbani, Ketrina alitembea nyuma ya babu yake akiwaza. Alijua nyapara Wiliam hatakumbuka. Kama Barnaba aliyemjua ni yule mrefu tu, angewezaje kumkumbuka huyu mfupi?

Siku chache baadaye alikuwa akitoka shule na rafiki yake Ruti. Malori yalikuwa yamepangana kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Ruti alikuwa msichana wa maneno mengi, na baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu.

"Mbona siku hizi umenuna kama samaki wa kukaanga?" Ruti aliuliza.

"Sijanuna."

"Umenuna. Hata mwalimu amekuona. Haya, basi usiseme." Ruti alionyesha lori moja kwa kidole. "Unaliona lile? Mwaka jana baba alikaa hapo hapo wiki nzima. Utingo wake alificha madumu ya mafuta ya kula chini ya magunia ya mchele. Baba akajua wakiwa njiani, lakini akaogopa kusema. Watu wa forodha wakayakuta wenyewe."

"Wakayachukua?"

"Wangeyachukua madumu tu, si ingekuwa nafuu? Walishika lori lote! Na mchele halali umo humo humo. Afisa alimwambia baba, 'Ungesema mwenyewe, ungelipia madumu ukaenda zako. Sasa kila gunia lako tunalitilia shaka.' Mama alilia! Baba naye alirudi nyumbani na ndevu kama mbuzi."

Ketrina alisimama ghafla katikati ya njia. Bodaboda ilimpigia honi, ikampita karibu sana.

"Wewe!" Ruti alimvuta mkono. "Unataka pikipiki ikusalimie?"

Lakini Ketrina hakuiona pikipiki. Aliliona lori la babu yake. Ndani yake mlikuwa na miaka mingi ya kazi halali, na chini kabisa palikuwa na miezi michache ya kupanda mahindi, imefichwa.

Jioni ile, Mzee Barnaba alipokuwa akifunga kamba za viatu ili aende kazini, Ketrina alipiga magoti mbele yake.

"Babu, nimemdanganya Bi Fortunata. Nimekosa amani. Naomba tumwambie habari za Babu Danieli."

Mkono wa Mzee Barnaba ulikoma kwenye kamba. "Unajua unachosema? Wakijua, ile miezi wataifuta. Pengine wataifuta na miaka yote. Wataniita mwizi. Mimi, Barnaba, ambaye sijawahi kutoka na punje ya kahawa mfukoni!"

"Lakini nyapara akija, Babu, atasema hakujui."

"Utaniuza wewe? Mjukuu wangu?"

Aliondoka bila kunywa chai. Bibi Yunisi, aliyekuwa jikoni, alikuja akaketi karibu na Ketrina aliyekuwa akilia. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema. "Babu yako anajua. Ila ana hofu, na mwenye hofu haambiwi mara moja akasikia."

Asubuhi Ketrina alikoroga uji kama kawaida. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Hakumwita mke wangu. Hakumwita siku hiyo, wala siku zilizofuata, na jambo hilo lilimwuma Ketrina kuliko kiboko.

Alhamisi ilifika. Ofisini kulikuwa na Bi Fortunata na kijana mmoja mwenye miwani, Wakili Ipyana. Bi Fortunata alisoma maelezo kwa sauti. Yalikuwa mazuri. Yalipofika mwisho yalisema: "Katika miaka yote hiyo, hakuna mtu mwingine aliyewahi kufanya kazi mahali pangu."

"Mzee," alisema Wakili Ipyana kwa upole, "kiapo si mchezo. Ukiapa jambo la uongo na likagundulika, rufaa itaanguka, na wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa. Kama yote ni kweli, inua mkono wa kulia."

Mzee Barnaba aliinua mkono.

"Samahani, Mama," alisema Ketrina.

Watu wazima watatu walimgeukia. Alikuwa ameshaanza, na kunyamaza sasa kungekuwa kubaya zaidi.

"Siku ile uliponiuliza, nilisema hakuna. Nilisema uongo. Yupo. Lakini ni nani, naomba babu aseme mwenyewe."

Mkono wa Mzee Barnaba ulishuka taratibu, kama kitu kizito. Alichukua kofia yake mezani, akatoka nje bila kumtazama mtu. Ketrina alitaka kumkimbilia, lakini Bi Fortunata alimshika bega. "Twende wote," alisema.

Walimkuta ameketi kwenye benchi la ofisi, akitazama barabara. Bi Fortunata aliketi kando yake. Mzee Barnaba ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, mimi si mwizi."

"Sijasema, mzee."

"Ni mdogo wangu, Danieli. Mvua zikianza mimi nakwenda kupanda, yeye anaingia kule. Kila msimu, kwa miaka kadhaa. Kazi haikulala hata siku moja. Kwetu kazi ni ya nyumba. Aliyeingia ni mkono wangu tu."

"Nakuelewa," alisema Bi Fortunata. "Hata mimi nimelelewa kwenye mahindi, huko Momba. Lakini Mfuko hauandikishi nyumba, mzee. Unaandikisha mtu. Siku Danieli alipoitika jina lako, nyapara Wiliam alimwandika kichwani mwake kuwa ndiye wewe. Nani alikushauri ukatae?"

"Kuna Gwamaka mmoja pale mpakani."

"Yule wa tai?" Bi Fortunata alitikisa kichwa. "Basi nisikilize. Ukimficha Danieli, mtu wa mkono wa kushoto anabaki bila jina. Na kama hana jina, Mfuko utasema yeye ndiye Barnaba, na wewe ndiye mgeni. Lakini ukimtaja, fumbo limekwisha. Ndugu yako si hatari kwako. Ndiye jibu lako."

Mzee Barnaba alimtazama. "Kwa hiyo nitapata?"

"Siwezi kukuahidi. Miezi ya kupanda utaipoteza, hiyo usiitegemee. Na watakusema vikali, kwa sababu mlikosea. Lakini miaka yako mwenyewe tutaipigania tukiwa tumesimama wima."

Mzee alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hatimaye alinyanyuka na kurudi ndani. Kwa sauti yake mwenyewe alimwambia Wakili Ipyana habari zote, tangu mvua ya kwanza hadi msimu wa mwisho. Wakili aliandika maelezo mapya, naye Mzee Barnaba akainua mkono kuapa.

Walipokaribia mlango wa nyumbani, Mzee Barnaba alikohoa, akasema, "Kesho usiweke sukari nyingi kwenye uji."

Ketrina alijua hakuwa amesamehewa kabisa. Lakini aliufurahia ule uji usio na sukari nyingi.

Wiki zilipita. Bi Fortunata alipanda pikipiki hadi Mbozi kuchukua maelezo ya Babu Danieli. Aliwatafuta pia wazee wawili waliochuma kahawa na Mzee Barnaba misimu mingi. Mwisho kamati ya rufaa ikawaita wote. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Ketrina aliruhusiwa kwenda, akaketi nyuma karibu na Bibi Yunisi.

Nyapara Wiliam aliingia akitembelea fimbo. Mwenyekiti wa kamati alimwonyesha Mzee Barnaba. "Unamfahamu mzee huyu?"

Nyapara alimkagua tangu kofia hadi viatu. "Huyu simfahamu hata kidogo."

Bibi Yunisi alimshika Ketrina mkono kwa nguvu.

"Na yule?"

Nyapara aligeuka. Alipomwona Babu Danieli, uso wake wote ulichangamka. "Barnaba! Barnaba wewe! Bado unashika mkasi kwa mkono ule ule?"

"Shikamoo, nyapara," alisema Babu Danieli akiwa amesimama, kichwa chake karibu kugusa dari. "Mkono ni ule ule, lakini jina langu ni Danieli. Barnaba ni kaka yangu, huyu mfupi. Wewe ulikaa pale msimu mmoja tu wa mvua, ukahamishwa. Ndiyo sababu ulinipata mimi, na yeye hukumpata."

Hata wanakamati walijizuia kucheka. Lakini mwenyekiti alikunja uso, akawauliza ndugu wote wawili maswali magumu, mmoja baada ya mwingine. Wazee wawili wa Mbozi walieleza jinsi walivyochuma kahawa na Barnaba mfupi, kiangazi baada ya kiangazi. Mzee Barnaba alipoulizwa kwa nini alifanya vile, hakumlaumu tajiri, wala njaa, wala Gwamaka.

"Niliona ni jambo la kawaida," alisema. "Sasa naona kwamba nilimpa mtu jina langu, kisha nikashangaa watu hawanijui."

Mwenyekiti aliwaonya ndugu wote wawili kwa maneno makali, na Mzee Barnaba aliyasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha wakaambiwa waende nyumbani wakasubiri.

Uamuzi ulipokuja, Bi Fortunata aliuleta mwenyewe. Misimu ya kupanda ilikuwa imeondolewa yote. Lakini miaka iliyobaki ilitosha. Mfuko ulikubali kwamba Barnaba ni Barnaba, na kwamba atalipwa pensheni yake, pungufu kidogo ya alivyotarajia, kila mwezi maadamu yu hai.

Bibi Yunisi alipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Mzee Barnaba alivua filimbi shingoni, akaipangusa kwa shati lake, akatoka kwenda yadini kuirudisha kwa mwenyewe.

Aliporudi aliwakuta wote wameketi uani, Bi Fortunata akinywa chai, na Ruti naye amekuja kusikia habari, kama kawaida yake. Mzee Barnaba alivuta kigoda.

"Njooni hapa ninyi wawili," aliwaambia wasichana. "Mimi nimesoma nikiwa mtu mzima, na nilidhani nimeshamaliza kusoma. Sasa nisikilizeni. Niliogopa kuipoteza miezi michache, nikakaribia kuipoteza miaka yangu yote. Uongo mdogo ukiuweka pamoja na ukweli mwingi, hauufanyi ukweli kuwa salama. Unautia shaka wote. Na jambo jingine: mtu akiwa na shida ya haki, asikimbilie mwenye tai. Aulize ofisini, kwa wanaojulikana. Mimi niliona aibu kuomba msaada wa bure, nikanunua hasara."

"Ni kama lori la baba!" Ruti alidakia.

"Lori gani?"

"Hadithi ndefu, Babu," alisema Ketrina.

"Na huyu," Mzee Barnaba aliendelea, akimwekea Ketrina mkono kichwani, "nilimwambia ataniuza. Kumbe alikuwa akinikomboa. Ukweli alioutoa mbele ya watu wazima ulikuwa mzito kuliko gunia la kahawa. Nisamehe, mke wangu."

"Loo, leo amekumbuka kuwa ana mke mdogo," alisema Bibi Yunisi, akifuta macho kwa upindo wa khanga.

Mvua za kwanza zilipoanza mwaka ule, Babu Danieli alikuwa akiumwa mgongo na hakuweza kuinama. Mzee Barnaba, ambaye kikohozi chake kilikuwa kimepungua tangu alipoanza kulala kitandani kwake kama watu wengine, alipanda basi kwenda Mbozi, akafuatana na Ketrina. Alfajiri walikuwa shambani kwa Babu Danieli, mzee akichimba mashimo na Ketrina akidondosha mbegu. Ardhi nyekundu ilikuwa laini na ilinukia mvua.

Jirani mmoja alipita njiani na ng'ombe wake. Alipoona mtu ameinama na jembe katika shamba lile, alipaza sauti.

"Danieli! Habari za kazi?"

Mzee Barnaba alinyoosha mgongo. Ketrina alimtazama. Babu alifungua kinywa, akasita, kisha akatabasamu.

"Nzuri, ndugu yangu!" alijibu kwa sauti iliyosikika hadi bondeni. "Lakini mimi ni Barnaba. Danieli ni yule pale, anayekunywa uji wangu."

Penye kizingiti cha nyumba, mtu mrefu mwembamba aliinua kikombe juu kwa mkono wa kushoto.